Tiyo 60 ambazo hazikuibiwa

LIKASI. Habari ya tiyo 60 imezunguka mjini kwetu kuliko habari nyingine yoyote niliyofuata msimu huu wa mvua. Ilisemwa sokoni Kikula, kwenye foleni za maji, ndani ya taksi, hata mbele ya kanisa siku ya yenga. Kila mtu alikuwa na hesabu yake, na kila mtu alikuwa na mwizi wake. Kwenye redio nilipewa dakika tatu tu kuieleza. Dakika tatu hazitoshi kueleza namna kitu ambacho hakikuwahi kuwako kinavyoweza kusemwa kimeibiwa. Ndiyo maana ninaandika hapa kwa kirefu.

Wengi wenu mnaosoma ni watu wa Likasi. Wengine ni ndugu zetu mliohama, mlioacha mashamba upande wa Mitwaba na Pweto wakati watu wenye silaha walipoharibu vijiji, mkaja kutafuta usalama kwa jamaa zenu hapa na kandokando ya mji. Habari hii inawagusa ninyi kwanza, kwa sababu maji yaliyokosekana yalikuwa ya kwenu, na mtu aliyeitwa mwizi ni mmoja wenu.

Mambo yalikuwa hivi. Atelie moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja jina, ilipewa kazi ya kutengeneza na kusimamisha pompa 8 za mkono katika sehemu ambako jamaa zilizohama zimejenga. Pompa hizo ni za aina ya India Mark II. Mnaijua kwa macho: miguu mitatu ya chuma, kichwa cha mraba, mkono mrefu ambao watoto wawili huuning'inia ili uteremke. Ilibuniwa India katika miaka ya 1970, kwa msaada wa UNICEF, na leo iko katika vijiji vingi vya Afrika kwa sababu mpango wake hauna mwenyewe: atelie yoyote yenye mafundi wazuri wa kuchomelea inaweza kuitengeneza. Chini ya ardhi pompa inashuka na tiyo za chuma, kila moja mita 3, na ndani ya tiyo zinapita fito za chuma, nazo mita 3 kila moja, mpaka kwenye silinda inayosukuma maji juu. Visima vyetu hivi vilihitaji mita 30. Kwa hiyo kila pompa ni tiyo 10 na fito 10. Hesabu rahisi. Shikeni hesabu hiyo, itarudi.

Pompa 3 za kwanza zilisimama vizuri. Maji yalitoka, watu waliimba, mimi mwenyewe nilirekodi sauti ya mkono ule ukipanda na kushuka. Kisha kazi ikasimama. Visima 5 vilibaki na vifuniko juu. Wiki moja, wiki ya pili, wiki ya tatu. Nilipoenda kwenye kisima cha nne, mama mmoja aliweka bidoni yake chini akaniambia: "Batoto beko banaenda kuteka mayi ku muto. Tulikimbia masasi, sasa tutakufa na mayi?"

Hakuwa anatia chumvi. Sisi watu wa Likasi tunakumbuka mwanzo wa mwaka 2008, kipindupindu kiliposhika hapa na Lubumbashi. Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo unaenda kwenye mto, na mto unaenda kwenye bidoni. Siku moja ya kuchelewa kwa pompa si sawa na siku moja ya kuchelewa kwa kiti au meza.

Ndipo maneno ya wizi yalipoanza. Mkubwa wa atelie alifungua ordinatere ili ajue kwa nini kazi imesimama. Ordinatere ikasema: tiyo zilizoingia 90, tiyo zilizotumika 30, tiyo zilizobaki 60. Akaenda depo kutazama. Hakuna hata moja. Rafu ilikuwa tupu.

Mtunza depo, ambaye pale wote wanamwita Papa Magazinie, ni mzee aliyefika Likasi akikimbia upande wa Mitwaba. Alipata kazi ile kwa sababu anajua kusoma, kuandika na kunyamaza. Ufunguo wa depo ni mmoja, na uko mfukoni mwake. Kwa hiyo watu hawakutafuta mbali. Jioni hiyohiyo simu zilianza kulia kwenye redio. Mmoja alisema tiyo zimeuzwa kwa wachimbaji. Mwingine alisema zimepita Kasumbalesa zikaenda Zambia. Wa tatu alitaka nitaje jina la mzee hewani, "ili wengine baogope". Kulikuwa na neno lingine pia, ambalo sipendi kuliandika lakini mlilisikia: kwamba ukimpa mtu aliyehama ufunguo, anakula nyumba iliyompokea.

Sikutaja jina. Katika mafunzo ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba rafu tupu ni habari, lakini si ushahidi. Rafu tupu inakuambia kwamba kitu hakiko. Haikuambii kama kiliondoka, wala kama kilikuwako tangu mwanzo. Nilikwenda kumwona mzee nyumbani kwake. Alikuwa ameketi nje, hajagusa bukari yake. Alisema maneno machache: "Usiku silalake. Nilipoteza shamba, nikasema ni vita. Sasa nikipoteza jina, nitasema ni nini?"

Aliyefungua fundo hili ni dada mmoja kijana anayeshughulika na programu ya kupanga kazi za atelie. Aliniruhusu kukaa naye siku mbili, kwa sharti kwamba nisimwandike jina. Umeme ulipokatika tulisubiri, uliporudi tuliendelea. Nitajaribu kueleza alichonionyesha, kwa maneno yetu ya kawaida.

Programu ya namna hii inafanya kazi ya mama anayepanga karamu. Fikiri una wageni 50 na unataka kupika bukari na sombe. Kwanza unajua unachotaka kupika. Pili unajua kila chakula kinatengenezwa na nini: bukari ni unga na maji, sombe ni majani, mawese, vitunguu, chumvi. Tatu unatazama nyumbani kuna nini. Unatoa kilichoko kwenye kinachohitajika, na tofauti ndiyo unakwenda kununua sokoni. Basi. Programu ya atelie inafanya hivyohivyo na vyuma. Pompa ni karamu. Kichwa, mkono, tanki, miguu, silinda, tiyo na fito ni vyakula. Na mkono wenyewe una vitu ndani yake: bomba la chuma, ekseli, cheni, na rulema 2, zile bilia za chuma zinazoufanya uteleze. Orodha ndani ya orodha.

Kazi ya kuandika vipande si ngeni katika mji huu. Likasi, iliyoitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, imekua juu ya viwanda: shaba ya Shituru, na atelie kubwa za Panda zilizohudumia machini za Union Minière na baadaye Gécamines. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kiwandani, alinicheka nilipomweleza habari ya programu. Alisema zamani mambo hayo yaliandikwa kwenye fishi za karatasi, na fishi ikiwa na kosa, kosa liliketi pale mpaka machini isimame. Kilichobadilika ni mwendo tu. Mwaka 1975 Joseph Orlicky, mtu wa kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa kitabu kilichoeneza njia hii ya kuipa ordinatere hesabu ya vipande. Tangu hapo ordinatere inaweza kukokotoa vipande elfu kwa dakika moja. Inaweza pia kukosea vipande elfu kwa dakika hiyohiyo, kama kilichoandikwa ndani si kweli.

Dada yule alisema hivi: "Yaya, ordinatere haisemake bongo. Inarudishaka tu kile tuliitia."

Hakuanza kwenye ordinatere. Hilo lilinishangaza. Alitoka nje, akachukua pompa moja iliyokuwa bado uani, akaomba mafundi waifungue yote na kuilaza chini kipande kwa kipande juu ya turubai. Kisha alichapisha orodha ya programu akatembea nayo kando ya turubai, akigusa kila kipande kwa kidole na kuweka alama kwenye karatasi. "Pompa ile ya chini ndiyo kweli," alisema. "Ile ya kwenye kioo ni habari tu." Mwandishi wa habari anapoambiwa hivyo anatulia kidogo.

Katika kutembea huko alipata makosa manne. Nitayasema moja baada ya jingine, kwa maana kila moja lina namna yake ya kujificha.

La kwanza lilikuwa la kipimo, na ndilo lililomlaza mzee bila usingizi. Katika orodha ya pompa, tiyo zilihesabiwa kwa kipande: 10 kwa pompa moja. Pompa 8 ni vipande 80. Lakini boni ya mwuzaji aliyeleta mzigo iliandikwa hivi: tiyo 30, mita 3 kila moja, jumla mita 90. Mtu aliyeingiza mzigo katika programu alichukua namba ya mwisho, ile 90, akaiandika. Programu haikuuliza: 90 ya nini? Iliona mahitaji 80, iliona akiba 90, ikasema mambo ni mazuri, zitabaki 10, hakuna cha kununua. Ukweli ni kwamba tiyo zilikuwa 30 tu. Tiyo 30 ni pompa 3. Pompa 3 zilisimama, depo ikawa tupu, na ordinatere ikaendelea kuonyesha 60 ambazo hazikuwahi kuteremka toka kwenye lori lolote.

Boni ile aliipata katika faili la mzee mwenyewe. Papa Magazinie alikuwa ameitunza, imekunjwa vizuri, na nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu yake: "Nimepokea tiyo 30." Na tarehe, na sahihi. Karatasi hiyo ilikuwa pale siku zote. Hakuna aliyeiomba.

La pili lilikuwa la jina. Fito zilizohitajika zilikuwa 80. Kwenye programu fito ileile ilikuwa na namba mbili: ya zamani, iliyotoka kwenye katalogi ya kwanza, na mpya. Chini ya namba mpya kulikuwa na fito 40. Chini ya namba ya zamani kulikuwa na 40 nyingine. Programu ilitazama namba mpya tu, ikasema zinapungua 40, nunua. Zikanunuliwa. Kwa hiyo atelie ilitumia pesa kununua fito 40 ambazo tayari ilikuwa nazo, wakati ambapo pesa hiyo ingeweza kununua tiyo zilizokosekana kweli. Nilizikuta zimepangwa ukutani, mpya, zinang'aa, hazina kazi.

La tatu lilikuwa la ndani zaidi. Mkono wa pompa ulikuwa umewekewa alama kwamba ni kitu kinachonunuliwa kikiwa kamili, kana kwamba sombe inanunuliwa imeshapikwa. Kumbe atelie yenyewe ndiyo inayochomelea mikono na kuingiza rulema. Ukiiambia programu kwamba sombe inanunuliwa, haitakukumbusha kamwe kununua mawese. Ndivyo ilivyokuwa. Programu ilipofika kwenye mkono ilisimama, haikushuka kutazama ndani yake. Pompa 8 zinahitaji rulema 16. Hakuna aliyeagiza hata moja. Pompa 3 za kwanza zilitumia rulema 6 zilizobaki toka kazi ya zamani. Yaani hata kama tiyo 60 zingekuwako kweli, kisima cha nne kisingetoa maji.

La nne lilikuwa la siku. Programu iliandikiwa kwamba mzigo ukiagizwa unafika baada ya siku 7. Mtu yeyote aliyewahi kungoja lori toka Kasumbalesa wakati wa mvua anajua kama siku 7 zinatosha. Kwa hiyo programu ilikuwa inaahidi tarehe, mkubwa anazirudia kwa chefu wa kartie, chefu anazirudia kwa watu, na watu wanakuja na bidoni zao siku hiyo wakikuta kifuniko.

Nilimwuliza kama kuna makosa mengine yanayopendwa na programu hizi. Akataja moja lililonichekesha: orodha inayojila yenyewe. Mtu anaandika kwamba kichwa kina mkono ndani yake, na mwingine anaandika kwamba mkono una kichwa ndani yake. Programu inashuka toka kichwa hadi mkono, toka mkono hadi kichwa, inazunguka mpaka inachoka. Mtoto hawezi kumzaa mama yake. Wanaotengeneza programu nzuri wanaweka kizuizi ili jambo hilo likataliwe mara moja.

Wengine watasema: haya ni mambo ya mji mdogo, watu hawakusoma. Hapana. Tarehe 23 mwezi wa 7 mwaka 1983, ndege ya Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa juu angani, kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa paundi mahali palipotakiwa kilo. Marubani waliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa Gimli, na watu wote wakapona. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mars, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa sababu kundi moja lilitoa namba kwa kipimo cha Kiingereza na kundi jingine likazisoma kama za metriki. Na mwaka 2006 Airbus ilitangaza kuchelewa kwa ndege yake kubwa ya A380: nyaya zilizotayarishwa Ujerumani zilikuwa fupi zilipofika kuunganishwa Toulouse, na sababu moja ni kwamba ofisi za nchi mbalimbali zilichora kwa programu zisizolingana. Hao wote ni watu wenye shule kubwa. Tofauti ni kwamba baada ya hapo walikaa chini wakatafuta namba ilipotoka, hawakuanza kwa kumtafuta wa kumfunga.

Hapa kwetu karibu tuanze na kufunga. Hili ndilo ninalotaka mlisikie vizuri. Kabla dada yule hajamaliza kazi yake, wazo lililokuwa mezani lilikuwa hili: kuandika katika programu kwamba tiyo 60 zimepotea, ili kioo na rafu viseme kitu kimoja, kisha kumkata mzee mshahara kidogokidogo mpaka azilipe. Kwa macho ingeonekana ni kusahihisha. Hesabu ingekaa sawa. Lakini kipimo kingebaki vilevile, na mzigo unaofuata ungekuja na tiyo 50 zikaandikwa 150, na mwezi unaofuata tiyo 100 "zingeibiwa". Mzee angelipa vyuma ambavyo havikuwahi kuyeyushwa. Nani angeamini kwamba hakula?

Dada alikataa. Alimwambia mkubwa wake kwa heshima, mbele yangu: "Papa, tukifuta hii namba tutafuta na njia ya kujua ilitokea wapi." Kisha akafanya kazi kwa utaratibu. Alitengeneza nakala ya programu ya kujaribia ili asiharibu ile ya kweli. Alirekebisha kitu kimoja, akaendesha hesabu, akatazama kilichobadilika, ndipo akaenda kwa kinachofuata. Tiyo zikawa za kipande kila mahali, na mahali pa kuandika mzigo pakaongezwa neno la kipimo ambalo huwezi kuliruka. Namba ya zamani ya fito ikafungwa, akiba yake ikahamishiwa kwenye mpya. Alama ya mkono ikabadilishwa: unatengenezwa hapa. Siku 7 zikawa siku ambazo magari yanatumia kweli, kwa kutazama boni za mwaka mzima. Mara ya mwisho alipobonyeza, programu ilisema: nunua tiyo 50, nunua rulema 10, usinunue fito. Alichukua karatasi na kalamu akahesabu tena kwa mkono. Pompa 5, tiyo 10 kila moja, 50. Rulema 2 kila moja, 10. Ndiyo hiyo.

Mkubwa wa atelie aliita wafanyakazi wote siku ya posho asubuhi, kabla ya malipo, akasoma boni ile kwa sauti, mbele na nyuma. Alimwomba mzee msamaha mbele ya watu. Mimi nilisoma boni hiyohiyo hewani jioni. Simu zilizopigwa baada ya hapo zilikuwa chache kuliko zile za kumshitaki. Neno la wizi lina miguu, neno la msamaha linatembea na fimbo. Kwa hiyo ninarudia hapa kwa maandishi, ili anayetaka aweze kumsomea jirani: hakuna tiyo iliyoibiwa. Ziliingia 30, zilitumika 30, na mwenye ufunguo alikuwa ameandika hivyo tangu siku ya kwanza.

Ndugu mliohama, nadhani mmeshaona kwamba habari hii si ya vyuma tu. Ninyi mmeandikwa kwenye orodha nyingi kuliko tiyo. Mara ngapi mmeandikwa kwa jamaa, kisha vitu vikaja kwa hesabu ya watu? Jamaa 40 si watu 40. Nyumba moja ina watu 3, nyingine ina 11 pamoja na watoto wa marehemu kaka. Anayeandika "40" bila kusema ya nini ameshapika ugomvi wa siku ya kugawa. Na mara ngapi mtu mmoja ameandikwa mara mbili, hapa jina la baba limetangulia, pale jina la ubatizo, kama fito yenye namba mbili? Siku ya kuitwa anaitwa mara mbili, wengine wanasema amelipa rushwa, naye hakuomba hata kuandikwa mara ya pili. Na mara ngapi jamaa nzima imeandikwa chini ya jina la mwenye nyumba aliyewapokea, hivyo orodha haikushuka kutazama ndani, na watoto waliomo hawakuhesabiwa kabisa?

Sisemi kwamba hakuna wezi. Wako, na kazi yangu ni kuwafuata pia. Ninasema hesabu itangulie. Namba isipolingana, ulizeni kwanza maswali haya, nami nimeanza kuyauliza katika kila habari ya mgawo: Hii namba ni ya nini, ya vipande, mita, mifuko au watu? Nani aliiandika, toka karatasi gani? Karatasi ya kwanza iko wapi? Kuna mtu aliyekwenda kuhesabu kwa mkono? Kitu hiki kina jina lingine mahali pengine? Ukipata majibu hayo na bado kitu hakiko, basi tafuta aliyekichukua.

Kwa kamati za maji ninaongeza neno moja. Fundi akimaliza pompa yenu, msimwachie aende na habari zote. Nunueni daftari. Andikeni kina cha kisima, idadi ya tiyo, idadi ya fito, tarehe ya kusimamisha, na kila kipande kinachobadilishwa baadaye, rulema, cheni, vyote. Siku pompa itakapoharibika, mtajua cha kuomba, na hakuna ordinatere itakayowaambia kwamba mna kitu msicho nacho.

Mpaka ninapoandika, pompa ya nne na ya tano zinatoa maji. Ya sita imeshasimama, inangoja kusafishwa kisima. Mbili za mwisho zinangoja rulema zilizo njiani, na mara hii tarehe iliyotolewa kwa chefu wa kartie imehesabiwa kwa siku za barabara yetu. Papa Magazinie yuko kazini. Ameomba kitu kimoja tu kwa atelie, nacho wamempa: kila mzigo unapoingia, yeye na anayeandika kwenye ordinatere wahesabu pamoja, wakisimama mbele ya lori, na wote wawili watie sahihi kabla dereva hajaondoka.